Mkono wa Mke wa Sajini

Wiki iliyopita tulimwacha Mwanamkasi kizimbani, buibui limemganda mgongoni kwa jasho, na mbele yake wakili wa utetezi anasafisha miwani. Wakili akisafisha miwani polepole namna ile, msomaji wangu, jua kuna mtu atalia.

Kwa aliyekosa gazeti nitampasha upesi. Mwanamkasi ni mjane wa Hilal, Mpemba aliyekuwa na duka dogo pale Ngamiani. Katika miaka ile ya shida, sabuni ikiuzwa kwa kificho kama bangi, Hilal alikuwa akivusha vitu kutoka Mombasa kwa njia za panya za Horohoro mpakani. Sabuni, dawa ya meno, na redio. Jioni moja wanaume wako msikitini kwa sala ya magharibi, yeye amelala na homa, watu wawili wakaingia, wakampiga nondo ya kichwa, wakabeba redio. Mwanamkasi alitoka hadi uani akakutana na mmoja wao uso kwa uso. Hilal hakuiona alfajiri.

Leo ni zama za ruksa. Redio zile zile zimepangwa barabarani juu ya magunia, na polisi akipita anauliza bei. Hilal angechelewa kufa mwaka mmoja tu, angekuwa mfanyabiashara wa heshima.

Aliyekaa kwenye kizimba cha washtakiwa ni Rahimu, fundi redio, kijana mrefu wa maji ya kunde. Redio za Hilal zilikutwa dukani kwake; wa pili hajajulikana mpaka leo. Anasema jioni ile alikuwa nyumbani, amelala, peke yake. Mtu mzima analala magharibi, peke yake! Nani atamwamini?

Na kwenye benchi la mbele amekaa Beatrisi. Huyu ndiye mumshike vizuri. Ni Mbondei wa Muheza, afisa wa ustawi wa jamii, tena mke wa Sajini Noa aliyeipeleleza kesi hii. Tangu Hilal azikwe, yeye ndiye aliyemshika Mwanamkasi mkono: polisi, hospitali, mahakamani. Mwanamkasi akianza kutetemeka kizimbani, humtazama yeye, naye humwitikia kwa kichwa kidogo kama kumwambia endelea, nipo.

Basi wakili akavaa miwani yake.

"Shahidi, siku ya gwaride la utambulisho, watu walipopangwa mstari kituoni, uliambiwa ufanye nini?"

"Niliambiwa nikimwona mtu wangu, nimguse begani."

"Ukamwona?"

"Nilimwona."

"Ukamgusa?"

Jaji alikuwa akiandika kila neno kwa mkono wake, na mahakama nzima ikaisubiri kalamu.

"Sikumgusa," akasema. "Nilikuwa eda."

Wakili akageuka kwa wazee wa baraza, kama mtu aliyeletewa sinia la pilau asiloliagiza. "Alikuwa eda. Tueleze, mama."

Akaeleza. Hilal alikuwa na wiki chache tu kaburini. Mwalimu Hija wa msikiti wa mtaani alimruhusu atoke mchana kwa dharura, lakini kwa masharti: ajifunike, asitie manukato, arudi kabla jua halijazama, na asimguse mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa. Kufika kituoni, inspekta msimamizi, mtu wa bara, akamwambia gusa. Yeye akasema hagusi. Inspekta akasema sheria ni sheria. Mwanamkasi akasema naye ana sheria yake. Ilikuwa Ijumaa, inspekta anatazama saa, watu kwenye mstari wanaungua jua.

"Ikawaje?"

"Nikamnong'oneza mtu, akagusa kwa niaba yangu."

"Nani huyo?"

"Bi Beatrisi."

"Yumo humu?"

"Yule pale."

Beatrisi akainamisha kichwa. Mwanamkasi akamwona akiinama, na kitu kikamchoma kifuani ambacho hakukijua jina lake.

"Bi Beatrisi ni mke wa nani?" akauliza wakili, taratibu, kwa adabu kabisa.

"Wa Sajini Noa."

"Mpelelezi wa kesi hii?"

"Ndiye."

"Mheshimiwa Jaji, mkono uliomgusa mteja wangu si mkono wa shahidi. Ni mkono wa mke wa mpelelezi." Akakaa kitako. "Sina swali lingine."

Watu wakaguna. Mzee wa baraza mmoja, aliyekuwa akisinzia tangu asubuhi, akaamka akauliza jirani yake kuna nini. Jaji akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akasema shahidi ataendelea kesho.

Nje, kwenye kibaraza, wakili wa serikali alikuwa mwekundu macho.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba."

"Gwaride lile sasa halina kazi. Limekufa! Unanielewa? Kesho nitakuuliza swali moja tu: mtu uliyemwona yumo humu? Ukinyoosha kidole bila kusitasita, pengine tutaponea hapo na kwenye zile redio. Ukibabaika, yule anatoka anarudi dukani kwake."

Beatrisi akaja na chupa ya maji. "Kunywa, mdogo wangu."

Mara zote Mwanamkasi alikuwa akinywa. Leo aliishika ile chupa, akaitazama, akamrudishia.

* * *

Shaka ni kitu cha ajabu. Ikiingia haikai sebuleni kama mgeni. Inapita vyumba vyote, inafunua masanduku.

Nyumbani Ngamiani, mama mkwe wake, Bi Semeni, alikuwa amekwisha pata habari kabla Mwanamkasi hajavua viatu. Ngamiani habari hazingoji mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. N'likwambia! N'likwambia toka siku ile alokuja na kilo ya sukari. Nchi nzima yanywa chai kavu, watu wapanga foleni toka alfajiri, mke wa polisi aja na sukari mkononi, atabasamu. Kha! Serikali toka lini ikampelekea mtu sukari nyumbani?"

"Alisema ni kazi yake, mama. Kuwasaidia waliofikwa na jambo."

"Kazi yake! Sie tumefikwa na mangapi? Kimbunga kilipotung'olea paa kule Pemba, alikuja nani na sukari?"

Mwanamkasi akakaa juu ya kirago akaanza kufikiri, na kila alipogusa pakauma. Nani alimruhusu atoke eda na kumpa masharti? Mwalimu Hija, lakini Mwalimu alisema vile vile ambavyo angemwambia mjane yeyote. Nani alikubali mtu mwingine aguse? Inspekta, na yule alitaka kwenda kula tu. Nani alilitoa lile wazo?

Akamsikia tena Beatrisi siku ile, sauti laini: "Afande, aninong'oneze mimi, nimguse kwa niaba yake." Watu wote walishusha pumzi. Mwanamkasi alimwombea dua siku ile, dua ya kweli, ya kuinua mikono.

Sasa akajiuliza: mtu ambaye kazi yake ni kuwapeleka mashahidi mahakamani, asijue jambo ambalo wakili amelijua?

Akasimama, akavuta buibui.

"Waenda wapi?"

"Raskazone, mama. Ofisini kwa Bi Beatrisi."

"Kumfanya nini?"

"Kumuuliza."

"Watu kama wale hawaulizwi," akasema Bi Semeni. "Wale huogopwa."

* * *

Ofisi ya Beatrisi ilikuwa katika nyumba moja kuukuu ya wakoloni, madirisha makubwa, rangi inabanduka. Wafanyakazi wenzake walikwisha toka. Beatrisi alikuwa peke yake mezani, hana anachofanya, kama aliyekuwa akimngoja.

"Karibu, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako. Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Bibi, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua kwamba ukigusa wewe, haihesabiki. Ulijua au hukujua?"

Beatrisi akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nilijua."

Mwanamkasi alikuwa amejiandaa njia nzima kwa uongo. Alikuwa na majibu ya kila uongo. Ukweli hakuutazamia. Akakalia kiti bila kukaribishwa.

"Nimewasindikiza wengine kabla yako," akasema Beatrisi. "Nimeona gwaride likitupwa kwa kosa dogo kuliko lile. Ulipogoma kugusa, nikasema moyoni, hapa hapa."

"Umenunuliwa na nani?"

"Sijanunuliwa."

"Basi umetumwa na mumeo."

"Noa hajui. Angalau nadhani hajui." Akafuta meza kwa kiganja, meza isiyokuwa na vumbi. "Mwanamkasi, yule uliyeninong'oneza siye aliyemuua mumeo."

"Ulikuwepo kwangu?"

"Sikuwepo kwako. Nilikuwa kwake."

"Kwake nani?"

"Kwa Rahimu. Dukani kwake, mlango umefungwa kwa ndani. Adhana ya magharibi ilitukuta mle, na ya isha ikatukuta mle mle."

Mwanamkasi ni mtu wa Ngamiani, hakuhitaji kuchorewa. Akaziba mdomo kwa ukaya wa buibui lake.

"Mke wa mtu!"

"Mke wa mtu," akasema Beatrisi. "Nilipeleka redio kutengeneza. Ikawa inaharibika kila wiki."

Mimi ninayewasimulia ningecheka hapo. Mwanamkasi hakucheka.

"Na redio za Hilal zilifikaje kwake?"

"Mimi nilikuwa nikiingia mle mara kwa mara, Mwanamkasi. Chumba kile ni kidogo, ukinyoosha miguu unagonga ukuta. Redio zile sikuziona hata siku moja, mpaka siku walipokwenda kupekua."

"Nani alizikuta?"

"Noa."

Wakatazamana.

"Noa alijua mambo yako na Rahimu?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza kila siku nikimpakulia chakula."

Nje gari likapita, na Beatrisi akachungulia dirishani mpaka likapotea.

"Mbona hujasema?" Mwanamkasi akauliza, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Mbona hukusema toka mwanzo?"

"Niseme wapi? Kituoni? Kwa nani, kwa Noa? Na Rahimu mwenyewe amenikataza. Alinitumia maneno na mtu wa gerezani: nisithubutu. Ndiyo maana anasema alikuwa amelala peke yake. Nilidhani nikiliharibu gwaride watamwachia, siri yangu itabaki kuwa siri, na nyumba yangu itabaki kuwa nyumba. Hawakumwachia. Wakamweka ndani miaka miwili."

"Na miaka miwili hiyo wewe unanishika mkono. Unanifuta machozi kwa leso yako. Unaniambia usiogope, haki itapatikana. Na unajua mimi namkimbiza mtu siye!"

"Najua."

"Na aliyemuua Hilal yuko nje, anakula, anashiba."

"Najua, Mwanamkasi. Sina la kujitetea."

Mwanamkasi alitamani kumpiga. Aliinua mkono kabisa. Kisha akaushusha, maana shaka ile iliyomleta Raskazone ilikuwa haijamaliza kazi, na sasa ilimgeukia upande mwingine. Ikiwa mwanamke huyu alimdanganya kwa miaka miwili kwa upole wote ule, kwa nini leo awe mkweli? Mwanamke anayempenda mtu atasema nini kumtoa kwenye kamba? Atasema lolote. Atasema hata kwamba alilala naye.

"Apa," akamwambia.

"Naapa kwa Mungu."

"Siyo hapa. Kesho, mahakamani."

Beatrisi akatikisa kichwa. "Nina watoto. Noa ataniua."

"Basi mwongo," akasema Mwanamkasi, akafungua mlango, akaenda zake.

* * *

Njiani kurudi lilimjia jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani. Siku moja kabla ya gwaride, Sajini Noa alisimama mlangoni kwake kwa heshima zote, hakuingia ndani, akasema kwa sauti ya kumliwaza: "Tumeshampata, mama. Mrefu, maji ya kunde. Usiwe na hofu, utamjua tu."

Mrefu, maji ya kunde. Alipoingia uwanjani kesho yake, alikuwa akimtafuta nani? Mtu aliyemwona uani kwake, au mtu aliyeelezwa na Noa?

Akajaribu kuurudisha uso ule wa magharibi. Ulikuja, lakini ulikuja na shati la gwaride na jua la gwaride. Nyuso mbili zilikwisha shikana, na hakuweza tena kuzitenganisha. Hapo ndipo Mwanamkasi alipoogopa hasa. Watu wote alikuwa amewashuku, akabaki kujishuku yeye mwenyewe.

Bi Semeni alikuwa akimngoja mlangoni.

"Amesemaje?"

Mwanamkasi akamweleza yote, hakuacha kitu. Bi Semeni akasikiliza, akatema mate uchochoroni.

"Uongo mtupu. Kesho nyoosha kidole."

"Mama, na kama siye?"

"Mwanangu yu chini ya mchanga, na weye wataka kufikiri? Redio zilikutwa kwa nani? Kwangu? Nyoosha kidole, Mwanamkasi. Kama siye, Mungu atamjua."

"Mungu atamjua, mama. Lakini atakayenyongwa ni yeye."

Bi Semeni akakaa kizingitini akaanza kulia, kilio cha chinichini cha mama aliyemzika mtoto, na Mwanamkasi akakaa naye, akalia pia. Hayo machozi hayakuwa na shaka yoyote ndani yake. Walimlilia Hilal, basi.

* * *

Asubuhi mahakama ilijaa mpaka madirishani. Ngamiani yote ilikuja. Bi Semeni alikaa mbele, ushungi umekazwa. Beatrisi alikuwa pale pale penye benchi lake, uso umevimba. Alikuja! Mwanamkasi alidhani hatamwona. Na Sajini Noa alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, kofia imenyooka.

Wakili wa serikali akasimama.

"Shahidi, ulisema ulimwona mtu uani kwako jioni ile, uso kwa uso. Mtu huyo yumo humu mahakamani?"

Mwanamkasi akamgeukia Rahimu. Miaka miwili alimtazama kama unavyomtazama nyoka. Leo alimtazama kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kijana alikuwa amekonda, na midomo imekauka. Naye Rahimu hakumtazama yeye. Alikuwa akilitazama benchi la mbele, na macho yale, msomaji wangu, mwanamke hahitaji kuelezwa maana yake. Macho ya namna ile Hilal alikuwa nayo.

"Shahidi?"

"Mheshimiwa Jaji," akasema Mwanamkasi, "nilimwona mtu. Alikuwa mrefu kama huyu. Lakini siku moja kabla ya gwaride Sajini alinijia nyumbani akaniambia waliyemkamata yuko vipi. Sasa nikimtafuta yule wa uani, ananijia huyu. Sina hakika naye."

Mahakama ikalipuka. "Yarabi!" akalia Bi Semeni. Wakili wa serikali akakaa, akashika kichwa. Jaji akagonga meza.

"Kimya! Shahidi, unafahamu unalolisema?"

"Nafahamu, Mheshimiwa. Na humu ndani yumo mtu anayejua huyu kijana alikuwa wapi magharibi ile. Mtu huyo anaogopa. Mimi nilipoogopa alinishika mkono, nikaweza kusema. Naomba ruhusa na mimi nimshike."

Wakili wa serikali akaruka. "Mheshimiwa, napinga! Yeyote aliyemo humu amekaa akisikiliza ushahidi wote!"

"Pingamizi lako limeandikwa," akasema Jaji. "Lakini huyu mtu anashtakiwa kwa roho ya mtu, na mahakama ina uwezo wa kumwita shahidi inayemtaka. Nani huyo?"

Mwanamkasi hakumtaja. Alishuka kizimbani, mbele ya watu wote, akaenda mpaka benchi la mbele, akanyoosha mkono.

"Simama, dada. Leo nakusindikiza mimi."

Beatrisi akamtazama yeye, akatazama mlango. Noa hakutikisika. Kisha Beatrisi akasimama, na mkono wake ulikuwa baridi kabisa. Watu wakaanza kunong'ona. Jina likapita kutoka benchi hadi benchi mpaka likatokea dirishani. Walipofika kizimbani karani akauliza, "Biblia au Msahafu?"

"Biblia," akasema Beatrisi.

Karani akamwekea. Akaweka kiganja juu yake, mkono mwingine uko ndani ya mkono wa Mwanamkasi. Akafungua mdomo.

"Msimwapishe!"

Ilikuwa sauti ya Rahimu. Alikuwa amesimama, askari magereza wawili wamemshika mabega, naye anawaburuta.

"Msimwapishe huyo mama! Hajui kitu! Mheshimiwa, hajui kitu! Mimi ndiye niliyemuua Hilal. Niandike! Nimemuua mimi, na redio nimechukua mimi. Niandike tumalize!"

Kalamu ya Jaji ikasimama. Kisha Bi Semeni akainua mikono miwili juu, "Alhamdulillahi!" na nusu ya mahakama ikaitikia. Watu wakakumbatiana. Wakili wa serikali alikuwa anacheka kama mtu aliyefufuka.

Miaka miwili, kila baada ya sala, Mwanamkasi aliomba ayasikie maneno yale kwa masikio yake. Leo ameyasikia, na hakuyaamini hata moja.

Akasikia mkono wa Beatrisi unajivuta taratibu, unataka kutoka, unataka kurudi benchi. Akaubana. Akamgeukia mtu aliyekiri kumuua mumewe, akapaza sauti kuliko makelele yote yale.

"Mwongo!"

Watu wote wakamgeukia. Jaji akavua miwani, akainama mbele.

"Shahidi," akasema, "mwongo nani?"